Walimu tarajali na viwango vya somo la Kiingereza Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanawalenga wanaosomea ualimu Marekani, hasa wale watakaofundisha somo linaloitwa huko sanaa za lugha ya Kiingereza. Wakufunzi na walimu walezi wanaowapokea kwenye mazoezi ya kufundisha nao watapata cha kuokota. Jina la somo ni refu, kwa hiyo hapa chini nitaliita somo la Kiingereza.

Viwango vya ujifunzaji ni nini, na vinatofautianaje na mtaala?

Kiwango kinaeleza jambo ambalo mwanafunzi anatakiwa kuweza kulifanya afikapo mwisho wa darasa fulani. Hakikuambii utumie hadithi gani, wala utumie siku ngapi, wala uanze kipindi kwa maneno gani. Hayo ni ya mtaala, na mtaala huchaguliwa na wilaya ya elimu, shule au mwalimu mwenyewe, kutegemea mahali.

Aliyezoea mfumo ambao wizara moja hutoa muhtasari wa somo, kitabu cha kiada na mtihani wa taifa, vyote kwa pamoja, hujikwaa hapa kwanza. Anafungua waraka wa viwango akitafuta mada za muhula wa kwanza, hazioni. Hazipo.

Nani anaviandika? Serikali kuu ya Washington?

Hapana, ni kila jimbo kwa upande wake. Katiba ya Marekani haitaji elimu popote, na shughuli hiyo imebaki mikononi mwa majimbo. Mwaka 1996 vyama viwili vya kitaaluma vya walimu wa Kiingereza na wa usomaji vilitoa kwa pamoja viwango 12 vya jumla. Mwaka 2010 vikaja viwango vya Common Core, vya Kiingereza na vya hisabati, vilivyoratibiwa na chama cha magavana pamoja na baraza la wakuu wa elimu wa majimbo.

Dhana kwamba Common Core ilitoka Washington haikuzuka hewani. Mwaka 2009 serikali kuu ilitangaza shindano la ruzuku la dola bilioni 4.35, na jimbo lililokubali viwango vya aina hiyo lilijipatia alama. Lakini sheria ya elimu iliyosainiwa Desemba 2015, maarufu kwa kifupi cha ESSA, inaikataza serikali kuu kulilazimisha au kulishawishi jimbo kushika viwango fulani. Inachodai ni kwamba kila jimbo liwe na viwango vyenye uzito, na kwamba wanafunzi wapimwe kusoma kila mwaka kuanzia darasa la 3 hadi la 8, kisha mara moja sekondari ya juu.

Basi Common Core bado ipo au imekufa?

Inategemea umesimama wapi. Zaidi ya majimbo 40 yaliikubali. Texas, Virginia, Alaska na Nebraska hayakuikubali kamwe. Minnesota ilichukua ya Kiingereza ikaacha ya hisabati. Indiana ilijitoa mwaka 2014. New York ilivifanyia marekebisho mwaka 2017 na kuvipa jina jipya, na Florida ikatoa vyake mwaka 2020.

Siasa zake zimeshaandikwa sana, sina haja ya kuzirudia. La kukuhusu wewe ni kwamba mahali pengi jina lilibadilika huku mifupa ikibaki ileile. Soma waraka wa jimbo utakaloombea leseni. Hapa chini natumia mpangilio wa mwaka 2010 kwa sababu nyaraka nyingi za sasa zimechipuka kutoka hapo.

Nimefungua waraka nikakutana na RL.4.1. Nausomaje?

Herufi zinataja nyanja. RL ni kusoma fasihi, RI ni kusoma matini za taarifa, RF ni stadi za msingi za kusoma, W ni kuandika, SL ni kuzungumza na kusikiliza, L ni lugha yenyewe. Namba ya kati ni darasa, na namba ya mwisho ni nafasi ya kiwango katika orodha. RL.4.1 ni kiwango cha kwanza cha kusoma fasihi, darasa la 4.

Kuanzia chekechea hadi darasa la 8 kila darasa lina viwango vyake. Baada ya hapo madarasa huenda mawili mawili, la 9 na la 10, kisha la 11 na la 12. Juu ya yote kuna viwango vikuu 32 ambavyo havibadiliki darasa kwa darasa: 10 vya kusoma, 10 vya kuandika, 6 vya kuzungumza na kusikiliza, 6 vya lugha. Texas na Florida wana misimbo yao yenye sura nyingine kabisa, ila ukishazoea kusoma mmoja, wa pili hautakusumbua.

Kwa nini mkufunzi wangu anataka nisome kiwango kimoja kuanzia chekechea hadi darasa la 12? Mimi nitafundisha darasa la 4 tu.

Kwa sababu kikisomwa peke yake, kiwango hakisemi kitu. Chukua hicho hicho cha kwanza cha kusoma. Chekechea, mtoto anauliza na kujibu maswali kuhusu mambo muhimu ya matini, akisaidiwa. Darasa la 1 anafanya hivyo bila msaada. La 3, ni lazima ajibu kwa kurejelea matini yenyewe. La 4, anataja mambo na mifano kutoka kwenye matini anapoeleza inachosema waziwazi na anapoeleza yale aliyoyang'amua mwenyewe. La 5, ananukuu kwa usahihi. La 7, analeta ushahidi zaidi ya mmoja. La 8, anachagua ushahidi wenye nguvu kuliko mwingine. La 11 na la 12, anaonyesha hata pale ambapo matini inaacha jambo bila uhakika.

Tuliweke hilo kwenye maneno halisi. Huu ni mfano wangu mwenyewe, uchukulie kama kipande cha hadithi:

*Bibi aliweka sahani tatu mezani. Akasita. Akairudisha moja kabatini, kisha akafuta meza pahala palepale mara mbili.*

Mtoto wa darasa la 1 ataulizwa bibi aliweka nini mezani. Wa darasa la 4 ataulizwa bibi anajisikiaje, na ni maneno gani yamemwonyesha. Wa darasa la 8 atapewa mambo mawili, sahani iliyorudishwa na meza iliyofutwa, aamue lipi linabeba hoja yake vizuri zaidi na kwa nini. Wa darasa la 12 atasumbuliwa na jambo ambalo hadithi haikulisema: huyo wa sahani ya tatu amekufa, amehama, au amekasirika tu hatakula leo?

Sentensi ni zilezile, na namba ya mwisho ya kiwango ni ileile. Mwalimu wa darasa la 4 anayeijua ngazi yote hashtuki mwanafunzi akimrukia na swali la darasa la 12, wala hababaiki akikuta mtoto aliyekwama kwenye la 1. Wote hao watakuwa darasani kwako, siku moja, dawati moja.

Naweza kuandika andalio la somo kwanza, halafu nitafute kiwango cha kubandika juu?

Unaweza, na wengi hufanya hivyo. Mkufunzi aliyekaa kazini muda mrefu hulitambua andalio la namna hiyo kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza: juu pameandikwa kiwango cha ushahidi wa matini, chini shughuli ni kuchora mhusika unayempenda na kumpaka rangi. Kuchora si dhambi. Ila mwisho wa kipindi utakuwa na picha 26 na hujui kama kuna hata mtoto mmoja aliyeweza kuonyesha alipoliona jambo kwenye matini.

Panga kutokea mwisho. Jiulize kwanza: kipindi kikiisha, nitashika karatasi gani mkononi, na itakuwa imeandikwa nini? Kisha andika jibu ambalo wewe ungelitaka kutoka kwa mwanafunzi wa darasa hilo, kwa maneno ya mtoto, siyo ya mhadhiri. Ukishindwa kuliandika, bado hujakielewa kiwango. Baada ya hapo ndipo uchague matini, maswali na shughuli.

Angalia vitenzi. Kutaja, kueleza, kulinganisha, kutathmini: kila kimoja kinaomba kazi yake. Kiwango kikisema linganisha, na swali lako likamfanya mtoto ataje, umefundisha kitu kingine, hata kama kipindi kilichangamka.

Mwanafunzi amejibu sawa. Hiyo si ina maana amefikia kiwango?

Hapa ndipo mafunzo ya ualimu yanapaswa kukaa kwa muda mrefu, na hapa ndipo mara nyingi yanapitia mbio. Turudi kwa bibi na sahani. Swali: bibi anajisikiaje, na umejuaje? Majibu manne ya darasa la 4:

Wa kwanza: «Ana huzuni.»

Wa pili: «Ana huzuni kwa sababu mimi pia nilihuzunika babu yangu alipofariki.»

Wa tatu amenakili sentensi zote tatu za hadithi, neno kwa neno, kisha akaongeza: «Kwa hiyo ana huzuni.»

Wa nne: «Amemkumbuka mtu. Alirudisha sahani moja, halafu alifuta mahali pamoja tu, labda ndipo huyo mtu alikuwa anakaa.»

Wote wameelewa. Ukiwapa alama ya vema kwa sababu neno huzuni ni sahihi, watatu wa mwanzo watafanana na hutajua la kuwafundisha kesho. Wa kwanza amefika mahali pazuri bila kuonyesha njia, mwulize tu, «Umeona wapi?» Mara nyingi jibu analo, hakujua kwamba linatakiwa. Wa pili ameleta ushahidi, lakini ameutoa maishani mwake. Usimkatishe tamaa, maana kuhusisha hadithi na maisha ndiko kunakomfanya apende kusoma. Mrudishe taratibu: «Na bibi alifanya nini kilichokukumbusha hayo?»

Wa tatu ndiye anayewadanganya walimu wapya. Karatasi yake imejaa nukuu, inapendeza machoni, lakini hajachagua. Mwambie afute sentensi moja ambayo ikiondoka hoja yake haitatikisika. Akiweza kufuta, ameanza kufikiri kuhusu ushahidi.

Wa nne amefika kiwango cha darasa la 4, na hakutumia neno huzuni hata mara moja. Mwongozo wa kusahihishia ulioandikwa kwa haraka ungemkata alama.

Chuo kikiniuliza kiongeze nini kwenye kozi zake, ningesema kipunguze maandalio na kiongeze karatasi za wanafunzi halisi, zilizofutwa majina, wanachuo wakae wawili wawili wazipange na wabishane.

Andalio moja liwe na viwango vingapi?

Kimoja au viwili unavyovipima kweli. Vingine vitaguswa, maana hakuna kipindi cha kusoma ambacho watoto hawazungumzi. Kuorodhesha saba ni kujaza karatasi.

Ni kweli viwango hivi vimeifukuza fasihi, kwamba asilimia 70 ya wanachosoma lazima iwe matini za taarifa?

Namba hiyo ipo, ila imesomwa vibaya tangu siku ya kwanza. Mgawanyo wenyewe ulichukuliwa kutoka kwenye muundo wa upimaji wa taifa wa usomaji: darasa la 4 nusu kwa nusu, darasa la 8 fasihi 45 na taarifa 55, darasa la 12 fasihi 30 na taarifa 70. Hesabu hiyo ni ya siku nzima ya shule. Matini ya historia, ripoti ya sayansi na makala ya uchumi zote zimo ndani yake. Mwalimu wa Kiingereza anaendelea na riwaya na mashairi, huku wenzake wa historia na sayansi wakitakiwa nao kufundisha kusoma.

Shule nyingine hazikuelewa hivyo, na walimu wa Kiingereza wakaamriwa kupunguza hadithi. Lawama hiyo si ya waraka, ingawa waraka nao ungeweza kulisema jambo hilo kwa sauti kubwa zaidi.

Kuna vitabu vya lazima?

Vichache mno. Madarasa ya 11 na 12 wanatakiwa kusoma angalau tamthilia moja ya Shakespeare na moja ya mwandishi wa Marekani, pamoja na nyaraka za msingi za taifa kama Tangazo la Uhuru. Orodha ndefu za matini ulizoziona zimewekwa kama mifano ya kiwango cha ugumu, hazilazimishi. Lakini wilaya yako inaweza kuwa na orodha yake, na hiyo utaifuata.

Matini inatakiwa iwe ngumu kiasi gani? Na nifanyeje na mwanafunzi anayesoma chini ya darasa lake?

Kiwango cha 10 cha kusoma kinadai matini za ugumu unaoendana na darasa. Ugumu hupimwa kwa njia tatu kwa pamoja. Kuna hesabu za kompyuta, zinazotazama urefu wa sentensi na uzito wa msamiati. Kuna macho ya mwalimu, yanayotazama maana, muundo na ujuzi ambao matini inaudai kwa msomaji. Kisha kuna msomaji mwenyewe na kazi aliyopewa. Usiiachie kompyuta peke yake. Kifungu chetu cha bibi kina sentensi fupi za maneno mepesi. Kompyuta ingesema ni cha wadogo sana. Wewe umeshaona kilichomo.

Kuhusu anayesoma chini ya darasa lake, kosa la kawaida ni kumpa matini nyepesi mwaka mzima. Hiyo ni huruma inayomwacha nyuma zaidi. Mpe matini ya darasa lake, fupi, isome kwa sauti kwanza, mfafanulie maneno matatu au manne ambayo bila hayo atapotea, irudieni mara mbili. Nyepesi azisome kwa wingi kwa wakati wake. Na kama tatizo ni kutambua maneno, hilo linahitaji kufundishwa lenyewe.

Nitafundisha sekondari. Stadi za msingi za kusoma zinanihusu?

Kwenye karatasi viwango vya RF vinaishia darasa la 5. Darasani haviishii hapo. Utampata kijana wa miaka 14 anayekisia neno kwa kutazama herufi ya kwanza. Ripoti ya jopo la taifa la usomaji ya mwaka 2000 ilitaja nguzo tano: utambuzi wa fonimu (sauti moja moja za neno), uhusiano wa herufi na sauti, ufasaha wa kusoma, msamiati na ufahamu. Majimbo mengi sasa yamezirudisha kwa nguvu kwenye mafunzo ya walimu wa msingi. Wa sekondari huachiwa wajitafutie. Jitafutie, angalau ujue kutambua tatizo na kumwita mtaalamu wa usomaji mapema.

Vipi wanafunzi wanaojifunza Kiingereza kama lugha mpya?

Viwango ni vilevile, njia ya kuvifikia ndiyo inayotofautiana. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1974 katika shauri la Lau dhidi ya Nichols, lililohusu wanafunzi wa jamii ya Wachina wa San Francisco, haitoshi kumpa mtoto kiti na kitabu kilekile asichokielewa. Majimbo yana pia viwango tofauti vya ukuaji wa lugha, na mengi yanatumia vya WIDA, muungano wa majimbo unaoandaa viwango hivyo. Unavisoma sambamba na vya somo.

Kwa vitendo: mtoto aliyefika miezi minne iliyopita anaweza kabisa kung'amua kwamba bibi amemkosa mtu. Mruhusu aonyeshe kwa kidole sentensi iliyomwambia, au ajadili kwa lugha yake na mwenzake, kisha umpe mwanzo wa sentensi ya Kiingereza aimalizie. Kiwango cha RL.4.1 kinapima ushahidi. Ukikigeuza kuwa mtihani wa sarufi, umempima kitu kingine bila kumwambia.

Nitapimwaje kabla ya kupata leseni?

Jimbo kwa jimbo. Majimbo mengi hutumia mitihani ya Praxis. Texas, Florida na California wana mitihani yao. Kuna pia edTPA, ambapo unawasilisha mpango wa vipindi vitatu hadi vitano, video yako ukifundisha, na uchambuzi wa kazi za wanafunzi. Majimbo kadhaa yameacha kuidai, Georgia mwaka 2020 na New York mwaka 2022, kwa hiyo uliza chuoni kwako kabla hujaanza kurekodi. Hata isipodaiwa, kuchambua kazi za wanafunzi utaulizwa kwa namna moja au nyingine.

Mwalimu wangu mlezi ananiambia nisahau viwango, nifundishe tu. Nimsikilize nani?

Mtazame akifundisha kabla hujaamua. Mara nyingi mtu kama huyo anavijua hadi ametoka kwenye misimbo. Mwanafunzi akijibu, utamsikia akiuliza «Umeona wapi?» bila kufikiri. Hicho ndicho kiwango cha kwanza, kinatembea kwa miguu miwili. Mwombe akueleze kwa nini aliuliza swali lile pale, na uandike msimbo wewe mwenyewe baadaye. Ikiwa hakuna anachokiuliza zaidi ya kurasa za kujaza nafasi, basi jifunze kwake usimamizi wa darasa, na mengine jifunze kwa mwingine. Ubishi haukufikishi popote, wewe ni mgeni kwenye darasa lake.

Programu za akili mnemba zinaandika andalio lenye viwango kwa sekunde chache. Kuna ubaya?

Linganisha msimbo na waraka wa jimbo lako, kwa sababu programu hizi huchanganya majimbo na wakati mwingine hutunga msimbo ambao haupo. Hilo ni dogo. Kubwa ni lile jibu la mwanafunzi unalopaswa kuliandika mwenyewe kabla ya kupanga. Ukiachia programu ilitunge, utaingia darasani na andalio safi na hutajua unasikiliza nini.

Mazoezi ya kufundisha yanaanza wiki mbili zijazo. Nianzie wapi?

Chapa kiwango cha kwanza cha kusoma, madarasa yote, kwenye karatasi moja. Pigia mstari kila neno linaloongezeka kutoka darasa moja hadi linalofuata. Kisha mwombe mwalimu mlezi karatasi tano za wanafunzi atakaokukabidhi, uzisome ukiwa na karatasi hiyo pembeni, na uandike kwa kila mwanafunzi swali moja utakalomuuliza siku ya kwanza.